Sahani ya Toba

Khawla alikuwa na mkono wa kupika, na hilo hata wasiompenda walilikubali. Pilau lake lilijulikana Bawshar nzima, huko Omani. Palipokuwa na arusi au khitma, simu ya kwanza ilipigwa kwake, naye alijifanya ana shughuli nyingi, apate kubembelezwa kidogo kabla ya kukubali. Watu wote walikula chakula chake wakaomba cha kubeba, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye ambaye Khawla alitaka amsifu kuliko wote. Alikuwa mama yake mzazi, Bi Ruqaya.

Si kwamba bibi huyu alikuwa mkorofi, ingawa ulimi wake haukuwa na kifuniko. Kisukari kilimla macho, kikamwachia mwanga na vivuli tu, halafu kikaugeukia ulimi. Tangu alipolazwa hospitali akarudi, kila alichotia kinywani alikiona pamba. Khawla alimpikia pweza wa nazi kama wa Unguja alikozaliwa. Bi Ruqaya alitafuna, akatafuna, mwisho akamtoa kwa adabu kwenye kitambaa.

"Mzuri, mwanangu," alisema. "Ila nnamsikia kwenye meno. Kwenye ulimi hayupo."

Khawla alikuwa akifanya kazi ofisini Al Khuwair na kurudi alasiri, kwa hiyo kaka yake, Marhoon, ambaye ndiye mkubwa na ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile, alimleta mfanyakazi wa kumtunza mama. Mfanyakazi huyo aliitwa Jovelyn, mtoto wa mvuvi kutoka mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Leyte, Ufilipino. Alipofika hakujua Kiarabu, na Bi Ruqaya hakutaka kusikia Kiingereza ndani ya chumba chake, basi bibi akamfundisha Kiswahili, wakaelewana kwa hicho. Haukupita muda mrefu Jovelyn akawa anasema "nshakwambia" na "sitaki miye" kama aliyelelewa Ng'ambo ya Unguja, na wageni waliosikia sauti kabla ya kuona uso walidhani ni mjukuu.

Mambo yote yalianzia kwenye chakula cha Jovelyn mwenyewe. Siku moja alikuwa jikoni akijitengenezea chakula chake cha mchana, harufu ikapenya mpaka chumbani kwa bibi.

"Nini hicho kinachonukia?" Bi Ruqaya akauliza.

"Suka, Bibi."

"Suka? Nisuke nini, mwanangu, na nywele zenyewe zishakwisha?"

Walicheka sana walipokuja kufahamiana. Suka, kwa lugha ya kina Jovelyn, ni siki. Na siki yenyewe ilitokana na tembo la mnazi, ambalo kwao huitwa tuba. Likiachwa mtungini huchacha lenyewe mpaka likawa siki kali ya kukunja uso. Jovelyn alikuwa amemkatakata nguru mbichi vipande vidogo, akamtia siki ile, tangawizi, kitunguu, pilipili, vijiti vya embe mbichi na tui zito juu yake. Moto haukuhusika. Bi Ruqaya akataka kuonja. Jovelyn akaogopa kumlisha mgonjwa samaki asiyepikwa, akampigia simu Khawla, Khawla akamuuliza daktari, na daktari, ambaye alikwisha kukata tamaa na bibi huyu, akasema maadamu amepata hamu, mwacheni ale, mradi samaki awe wa asubuhi ile ile.

Akala sahani nzima, akauliza kama kuna nyingine.

Tangu hapo chakula kile akakibatiza jina. Tuba, toba, kwake yalikuwa mamoja. "Leo wali sitaki," alikuwa akisema. "Nleteeni toba yangu nitubu." Majirani walicheka, Marhoon mwenyewe alitabasamu, na Khawla alicheka pia, siku za mwanzo.

Kisha vikafuata vingine. Fenesi bichi lililopikwa kwa tui na nyama ya kaa. Dagaa wakavu wa kukaanga, wa kuchovya katika siki. Embe bichi la kupakwa uduvi uliovundikwa kwa chumvi, ambao harufu yake ilimfanya jirani aje kuuliza kama bomba la maji machafu limepasuka. Vyote Bi Ruqaya alivila, akanenepa mashavu. Na alipokuwa akila, Jovelyn alikaa kitako kando ya kitanda akamhadithia juu ya mji wao: mwani wa kuliwa, uliofanana na vishada vya zabibu changa, ukiutafuna unapasuka maji ya chumvi, na mdudu wa baharini mwenye miiba mwili mzima, anayepasuliwa palepale kwenye mwamba, akadondoshewa siki, akaliwa kwa kijiko.

"Kumbe kwenu hata bahari inazaa shokishoki," Bi Ruqaya akasema. "Sisi mwani tulikuwa tunaukanyaga. Hatukujua kama tunakanyaga mboga."

Na yeye akamlipa Jovelyn hadithi kwa hadithi. Siku moja Khawla alirudi kazini mapema kidogo, akasimama ukumbini na mkoba wake mkononi, akamsikia mama yake anaeleza jinsi alivyokuwa akienda pwani maji yakitoka, yeye na dada yake Zuwena, kuokota kombe na chaza. Na jinsi Zuwena alivyokufa kwa homa angali mtoto, na ndoo yake ya kombe ikakaa nje ya mlango, hakuna aliyethubutu kuigusa. Sauti ya Bi Ruqaya ilikatika mahali fulani. Jovelyn akamwambia, "Pole, Bibi," na kimya kikafuata, kimya cha watu wawili walioshikana mikono.

Khawla hakuingia. Katika umri wake wote, mwanamke mzima mwenye mvi zilizofichwa na hina, hakuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa na dada.

Wivu una aibu yake. Mtu mzima hawezi kusimama akasema, ninamwonea wivu mfanyakazi wetu. Basi huutafutia wivu nguo ya kuvaa. Khawla alianza kuona makosa madogo madogo. Jikoni kunanuka. Mama anakula vyakula vya ajabu. Jovelyn anazoea mno. Kisha ikaja Ijumaa moja, nyumba imejaa jamaa, na Khawla ameamka alfajiri kupika pilau la mbuzi. Akaipeleka sahani ya kwanza kwa mama yake mbele ya watu. Bi Ruqaya akaonja punje mbili, akaisukuma.

"Nna mtoto mmoja tu anayejua nnachotaka kula," akasema, "na huyo hakutoka tumboni mwangu."

Lilikuwa neno la mzaha. Watu wote walicheka. Khawla alicheka nao, akarudi jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike.

Jovelyn alikwenda likizo kwao, akarudi na chupa mbili za siki zilizofungwa kwa matambara katikati ya nguo zake. Moja alimpelekea rafiki yake, nyingine akaiweka jikoni. Juu yake palibandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: TUBA. Khawla alimuuliza, na Jovelyn, ambaye hakuwa na la kuficha, alifungua kifuniko akamnusisha, akamtilia tone kwenye kiganja alambe. Ilikuwa siki, kali, safi. "Ilikuwa tuba, Bi Khawla," akasema. "Sasa siki." Tena Khawla hakuhitaji kuambiwa. Mama yake mara nyingi alisimulia kwamba siki ya achari kule Unguja ilitoka kwa mgema. Na madrasa alifundishwa, na jibu akalipata sawasawa, kwamba tembo likigeuka siki lenyewe limetakasika.

Alijua. Hilo lishikwe vizuri, kwa sababu baadaye alijaribu sana kujiambia kwamba hakujua.

Alilitafuta lile neno kwenye simu yake. Zikaja picha za wanaume wamekaa chini ya minazi, vikombe vyekundu mikononi, macho yamelegea. Akamngoja Marhoon arudi, akamwonyesha picha, kisha akamwonyesha chupa. "Hii ndiyo anayompa Mama," akasema, na hakuongeza neno. Hakusema uongo. Aliukata ukweli vipande viwili akamkabidhi kaka yake kile kimoja, na kilichobaki akakikalia.

Marhoon ni mtu mwema, lakini hasira yake hutangulia masikio. Hakuinusa ile chupa. Aliishika kwa vidole viwili akaimwaga sinkini yote, akamwambia Jovelyn akusanye nguo zake arudishwe ofisi ya mawakala iliyomleta. Bi Ruqaya alikuwa amelala usingizi wa mchana. Jovelyn alisimama mlangoni na begi lake, akamtazama Khawla. Hakulia, hakubembeleza. Alikuwa akingoja neno moja tu, la herufi nne, ambalo wote wawili walilijua. Khawla akachukua kitambaa akaanza kuifuta meza, na meza ilikuwa safi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Lakini huyu hakujikwaa; huyu aliusimamisha ulimi makusudi.

Bi Ruqaya alipoamka akaita, "Jovelyn," akajibiwa na Khawla.

"Kasafiri, Mama. Mama yake mgonjwa sana, imebidi aende leo hii."

Uongo huo ulimtoka kabla hajautafuna. Na sasa akaona uongo ulivyo na njaa, maana Bi Ruqaya, ambaye akimpenda mtu huwapenda na jamaa zake wote, alianza kumwombea mama yake Jovelyn kila baada ya sala. Alimwombea kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili, aondolewe maradhi, anyanyuke, amwone mwanawe. Khawla alisikiliza dua hizo akiwa amesimama na bilauri ya maji mkononi. Mwanamke anayeombewa alikuwa mzima wa afya huko sokoni kwao, anauza matunda.

Kisha Bi Ruqaya akaacha kula. Si kwa kugoma. Alijaribu, chakula kikamshinda. Khawla alipika kila alichokijua, halafu akapika na asichokijua. Alinunua nguru, akamkata, akamtilia siki ya dukani, nyeupe. Mama yake akaonja akakunja uso.

"Hii siki ya kufutia vioo," akasema.

Mashavu yakarudi ndani. Bangili zake zikawa zinapanda mpaka kwenye kiwiko. Daktari akamwita Khawla pembeni, akamwambia ikiendelea hivi itabidi watie mpira puani wamlishe kwa huo. Alisema kwa sauti ya chini, lakini upofu unanoa masikio.

"Mpira puani, mie gari?" Bi Ruqaya akasema toka kitandani. "Niacheni nende zangu na pua yangu."

Khawla alitoka akakaa kwenye gari lake. Kuna hatia ambayo mtu anaweza kuishi nayo, akaizoea kama jiwe kiatuni. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa inamla mama yake. Alijiona wazi kabisa pale kwenye kiti cha dereva: alitaka mama yake ale mkononi mwake peke yake, na sasa mama yake hali mkononi mwa yeyote.

Kulikuwa na duka moja Al Khuwair lililouza vyakula vya Ufilipino. Khawla aliingia huko kutafuta siki iliyo sawa, akasimama mbele ya rafu akigeuza chupa moja moja. Muuzaji akamsogelea, mwanamke Mkenya aliyeandikwa kifuani Pauline.

"Madam, unatafuta siki ya kufanyia nini?"

Khawla akafurahi kusikia Kiswahili, akaeleza: ya samaki mbichi, kwa ajili ya mama yake mgonjwa, kama alivyokuwa akitengeneza mfanyakazi wao wa zamani. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Pauline ulivyofunga.

"Nyinyi mnakaa Bawshar?"

"Naam."

"Na mama haoni vizuri, na anapenda maembe mabichi sana?" Pauline akakunja mikono. "Basi wewe ndiye Bi Khawla. Jovelyn ni rafiki yangu, tunaenda kanisa pamoja. Alilala kwa sakafu yangu wakati nyumba zilikuwa zinamkataa. Kila mtu akija pale ofisini kutafuta msichana, anaambiwa huyu alikuwa anapatia shosho mgonjwa pombe. Nani atamchukua?"

"Kaka yangu ndiye aliyempeleka ofisini," Khawla akasema.

"Na kaka yako alionyeshwa hiyo chupa na nani?"

Mteja mmoja alisimama kwenye kaunta akingoja, na Pauline hakumgeukia. Khawla akatazama chini, kwenye vigae vya duka lile, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akalisema.

"Na mimi," akasema. "Na nilijua kama ni siki."

Pauline akatoa simu. "Siwezi kukupea namba bila kumuuliza," akasema, akaenda nyuma ya rafu za michele. Aliporudi alimwandikia anwani ya nyumba moja Ghubra. "Amesema uende. Kama ni mimi ningekuambia vingine, lakini yeye amesema uende."

Nyumba ilikuwa ya mwanamke mmoja wa Kiomani aitwaye Noof, mwenye watoto wawili wadogo. Jovelyn ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda kidogo. "Shikamoo, Bi Khawla," akasema, na Khawla akashindwa kuitikia, kwa sababu marahaba ni neno la mtu anayestahili heshima.

"Bibi anakula?" Jovelyn akauliza.

"Hali."

Jovelyn akafumba macho. Khawla akaanza kusema, maneno yote kwa pamoja: kwamba alijua, kwamba alionjeshwa, kwamba alimwachia kaka yake amdhulumu, kwamba hakuna usiku... Jovelyn akamkatiza bila ukali.

"Nnajua kama ulijua. Nilikutilia mwenyewe kwenye mkono."

"Rudi, Jovelyn. Nakuomba. Si kwa ajili yangu."

"Sirudi miye. Pale kwenu nilikuwa mtu wa Bibi. Siku ile nimesimama mlangoni nikawa si mtu wa mtu yeyote." Akageuka nyuma kuangalia ndani, akapunguza sauti. "Hapa si pabaya. Ila madam ameambiwa. Kila wiki hunifungulia begi langu. Hunusa mpaka shampuu. Kama unataka kunifanyia kitu, mwambie yeye."

Khawla angekubali kufanya lolote isipokuwa hilo. Kuungama kwa Jovelyn ni jambo moja, Jovelyn alikwisha jua. Lakini huyu Noof alikuwa mwanamke wa daraja lake, pengine watu wao wanafahamiana, pengine watakutana kwenye arusi ya mtu. Akaingia ukumbini, akasalimiana naye kwa Kiarabu ipasavyo, na kabla heshima hazijaisha akasema aliyokuja kuyasema. Mfanyakazi wako hakumpa mama yangu pombe. Ilikuwa siki. Nilijua ni siki, nikanyamaza, kwa sababu mama yangu alimpenda, nami nikamwonea wivu.

Noof alimsikiliza mpaka mwisho. "Subhanallah," akasema, basi. Kisha akamgeukia Jovelyn, akamwambia begi lake halitafunguliwa tena, na amsamehe. Birika la kahawa lilikuwa mezani, na vikombe, na sahani ya tende iliyofunikwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Khawla aliondoka katika nyumba ya Kiomani bila kuambiwa hata kaa unywe kahawa, jambo ambalo halijapata kumfika maishani, na akaona ni haki yake.

Jovelyn alimfuata mpaka getini.

"Siki yangu moja iko kwa Pauline," akasema. "Chukua. Sikiliza. Samaki ukishamkata usimtie maji tena. Mtilie siki kidogo, mwoshe kwa hiyo, mkamue kwa mikono mpaka abadilike rangi, uimwage. Hiyo ya kwanza inachukua shombo yote. Ya pili ndiyo ya kula. Na embe lisiwe na utamu hata kidogo."

"Ahsante, mwanangu."

"Nafanya kwa ajili ya Bibi," Jovelyn akasema, akarudi ndani kwa watoto wa watu.

Jioni ile Khawla alimwambia Marhoon. Alitegemea kelele, akajiandaa nazo. Marhoon hakupiga kelele. Alivua kofia yake akaiweka gotini, akaitazama kwa muda mrefu. "Umenifanya nidhulumu mtu na mimi nadhani natenda mema," akasema. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisini kufuta alichokisema, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Neno lilikuwa limekwisha pita katika nyumba nyingi, na hakuna anayejua ni zipi.

Asubuhi iliyofuata Khawla akaenda soko la samaki, akachagua nguru ambaye macho yake yangali maangavu. Alimkata vipande vidogo, akamwosha mara ya kwanza kwa siki aliyoichukua kwa Pauline, akamkamua mpaka mikono ikamwasha. Akaimwaga. Akatia ya pili, na tangawizi, kitunguu, pilipili, embe chachu la kufumba jicho, na tui la kwanza lililokamuliwa bila maji. Hakuonja. Aliogopa kuonja. Akaipeleka sahani chumbani, akasimama kando ya kitanda kama alivyosimama siku zote, akamtia mama yake kijiko cha kwanza kinywani.

Bi Ruqaya akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, polepole, na uso wake ukafunguka.

"Jovelyn karudi," akasema.

Khawla akarudisha kijiko sahanini.

"Nlijua atarudi. Mama yake kapoa, alhamdulillahi. Dua za wazee hizo, mnazidharau." Akafungua kinywa, akapokea kijiko kingine, na kingine. Kisha akainua mikono yake miwili iliyokonda, bangili zikateremka, akaomba. "Mola wangu, ubariki mkono uliotengeneza chakula hiki. Usiuonjeshe njaa, wala moto usiuguse. Umenlisha nilipokuwa sina ulimi, na wewe uulishe bila kukoma."

Dua ya namna hiyo Khawla aliitamani tangu alipokuwa msichana wa kupanda kigoda afikie jiko. Na hivi sasa ilikuwa yake, kwa neno na kwa herufi. Mama yake hakutaja jina. Alisema mkono uliotengeneza chakula hiki, na mkono huo ulikuwa huu hapa, unawasha kwa siki, umeshika kijiko. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa hodari.

"Mama," akasema. "Jovelyn hakurudi."

Bi Ruqaya akashusha mikono.

"Hakurudi, na mama yake hakuugua. Nilikudanganya. Ile siki yake nilimwonyesha Marhoon nikamwachia adhani ni tembo, akamfukuza. Chakula nimepika mimi. Yeye kanifundisha, juzi, na kurudi hataki."

Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakisikika kwenye bati.

"Kwa nini?" Bi Ruqaya akauliza.

"Kwa sababu ulimhadithia habari za Zuwena. Mimi hukuniambia."

Macho ya bibi yaliyokuwa hayaoni yaligeuka upande ilikotoka sauti ya mwanawe, yakakaa hapo. Khawla alitamani kupigwa. Angelipigwa, lingelikwisha.

"Wewe, Khawla, huja na sahani ukasimama," Bi Ruqaya akasema hatimaye. "Toka ulipokuwa mdogo. Husimama hapo ukangoja nikusifu, ukapata, ukenda zako. Yule mtoto alikuwa akikaa."

Machozi yalikuwa yakimdondokea Khawla kifuani, naye hakuyafuta.

"Na ile dua nimeiomba na Jovelyn moyoni mwangu," mama yake akaendelea. "Yake. Usije ukaila na hiyo. Iitikie."

"Amin," akasema Khawla.

"Sema usikike."

"Amin, Mama."

Bi Ruqaya akapapasa ukingo wa kitanda kwa kiganja chake, akasukuma shuka pembeni. "Kaa," akasema. Khawla akakaa. Bibi akafungua kinywa akingoja, na Khawla akachota tena. Bi Ruqaya alikula sahani yote mpaka ikabaki siki, wala hakusema kama ni kitamu.